Plasmidi Yako Inasomwa na Nani? Jibu kwa Mwanafunzi wa Kasulu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa tatu, nyumbani ni Kasulu, Kigoma. Katika mafunzo kwa vitendo tulipewa plasmidi iitwayo pCAMBIA1301 tuiingize kwenye majani ya tumbaku kwa kutumia bakteria aitwaye agrobakteria. Bakteria waliota vizuri kwenye dawa ya kanamaisini na kipimo cha PCR kilionyesha plasmidi imo. Tukaviweka vipande vya majani kwenye kanamaisini hiyohiyo. Baada ya wiki nne kila chipukizi lilikuwa jeupe, kisha yakafa yote. Tuliambiwa tu kwamba plasmidi haikuingia. Kama ilikuwemo ndani ya bakteria, kwa nini isiingie kwenye jani? Na inapoingia, inaingia yote na kuishi humo kama inavyoishi kwa bakteria? Namuulizia na mama yangu, ambaye analima muhogo. Anataka kujua kama huko maabara tunaitia mimea vijidudu."

Marahaba mwanangu, na mama msalimie sana. Nimelisoma swali lako mara mbili. Kabla ya mengine nikuondolee huzuni: inawezekana kabisa kwamba jeni iliingia kwenye majani yenu kama ilivyotakiwa, kisha mkayaua kwa dawa isiyo yake.

Litazame jina la plasmidi mliyopewa, yaani ule mduara mdogo wa DNA unaobeba jeni. Namba za pCAMBIA hazikupangwa ovyo. Tarakimu ya kwanza inasema mmea utachujwa kwa dawa gani, yaani dawa inayoua kila kisicho na jeni ya kinga yake: 1 ni haigromaisini, 2 ni kanamaisini, 3 ni fosfinothrisini, na 0 maana yake hakuna dawa ya mmea. Tarakimu ya pili inasema bakteria atachujwa kwa dawa gani, na hapo 3 ni kanamaisini. Ya tatu inahusu sehemu ya kupachikia jeni yako. Ya nne inataja jeni ya kuonyesha, na 1 ni GUS, ile inayotoa rangi ya bluu. Kwa hiyo 1301 inajieleza yenyewe: mmea kwa haigromaisini, bakteria kwa kanamaisini, na bluu ya GUS. Bakteria wenu waliota kwenye kanamaisini kwa haki yao. Majani hayakuwa na kinga ya kanamaisini hata chembe, yaliyopokea jeni na yasiyopokea. Mngepewa 2301, mngeona machipukizi ya kijani katikati ya yale meupe.

Sikulaumu wewe, wala simlaumu aliyewafundisha. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri, kwa sababu tumezoea kusema "plasmidi ina kinga ya kanamaisini" kana kwamba kinga ni mali ya plasmidi, itakayofanya kazi popote plasmidi iendapo. Haiko hivyo. Ndiyo maana kijana yeyote anayekuja kwangu kujifunza kazi hii, kabla hajashika pipeti, namwekea ramani ya plasmidi mezani na kumpa kalamu mbili za rangi. Namwambia aguse kila kipande na aulize: hiki kinasomwa na nani, bakteria au mmea? Cha bakteria akipake rangi moja, cha mmea akipake nyingine. Akimaliza bila kukosea, nusu ya kazi ameifanya.

Bakteria na mmea wana DNA ya herufi nne zilezile, na maneno yao ya protini ni yaleyale. Tofauti iko mahali pa kuanzia kusoma na mahali pa kuishia. Wewe unatoka Uha, mimi nimekulia Urambo kwa Wanyamwezi. Kiha na Kinyamwezi vyote vinaandikwa kwa herufi zilezile za Kilatini, na Mnyamwezi anaweza kuutamka ukurasa wa Kiha mwanzo hadi mwisho akatoka mikono mitupu. Ndivyo ilivyo kwa jeni. Mbele yake kuna promota, yaani kipande kinachouambia mtambo wa seli "anzia hapa". Promota ya bakteria, mmea unaipita bila kuiona. Mmea unataka promota ya kwake, na mwishoni unataka alama ya kwake ya kufungia na kuutia mkia ujumbe. Ikikosekana hiyo, jeni inakaa kimya hata kama imeingia salama.

Sasa tuipake rangi pCAMBIA1301. Ni mduara wa DNA wenye jozi za besi karibu 11,800. Kuna vianzio viwili vya kujinakili, na vyote ni vya bakteria. Kimoja kinatambuliwa na E. coli, bakteria ambaye tunamtumia kuijenga na kuizalisha plasmidi kwa sababu anaota upesi na kutii. Cha pili, kiitwacho pVS1, kinatambuliwa na agrobakteria. Plasmidi nyingi za kawaida za E. coli, zile za ukoo wa pUC, zina kianzio cha kwanza peke yake. Ukizitia ndani ya agrobakteria hazijinakili. Seli inagawanyika, plasmidi inabaki kwa mzazi, na baada ya vizazi vichache haipo. Ndiyo maana plasmidi inayobeba jeni kuipeleka kwenye mmea inabidi iwe na uraia wa nchi mbili za bakteria kabla haijafikiria nchi ya tatu. Halafu ipo kinga ya kanamaisini yenye promota ya bakteria. Ni ya bakteria pia, na iko nje ya mipaka. Neno hilo "nje ya mipaka" lishike, nitalirudia.

Ndani ya mipaka mambo yanabadilika. Kuna jeni ya kinga ya haigromaisini, na promota yake ni 35S, iliyotolewa kwa virusi vya batobato ya koliflawa. Virusi vya mmea haviwezi kuishi bila kusomwa na mmea, kwa hiyo promota yao mmea unaisoma kwa sauti kubwa. Kuna GUS, nayo ina 35S. Hii GUS asili yake ni E. coli, lakini ndani yake wamepachika introni kutoka kwenye jeni ya katalasi ya mbarika. Mbarika huohuo unaouona umeota kando ya nyumba! Introni ni kipande cha kukatwa na kutupwa kabla ujumbe haujasomwa. Seli ya mmea ina mkasi wa kukikata, bakteria hana. Kwa hiyo agrobakteria akibaki amejificha kwenye jani, hawezi kutengeneza GUS inayofanya kazi. Ukiona bluu, ujue ni mmea umesoma. Mimi naipenda sana akili iliyo katika kipande hicho kidogo, maana kabla yake watu walikuwa wakishangilia bluu iliyotengenezwa na bakteria.

Kuhusu weupe wa machipukizi yenu. Kanamaisini inakwamisha ribosomu, yaani mitambo ya kutengeneza protini, za aina ya bakteria. Ndani ya kila seli ya jani kuna kloroplasti, na ribosomu za kloroplasti zinafanana na za bakteria, urithi wa zamani sana. Zikikwama, kloroplasti haijengeki na kijani hakipatikani. Jani linakuwa jeupe kama karatasi, na mmea usio na kijani hauna chakula. Kwa hiyo weupe ule haukuwa ushahidi kwamba plasmidi haikuingia. Ulikuwa ushahidi kwamba hakuna kilichoandikwa kwa lugha ya mmea dhidi ya kanamaisini.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo tamu. Je, inaingia yote?

Haiingii yote, na sababu yake inatokana na ugonjwa wa mimea. Kuna uvimbe unaotokea kwenye shina karibu na udongo, kwenye mizabibu, mawaridi na miti ya matunda ya nchi za baridi. Mwaka 1907 Erwin Smith na Charles Townsend huko Marekani walionyesha kwamba unasababishwa na bakteria wa udongoni, tunayemwita Agrobacterium tumefaciens. Miaka ya 1940 Armin Braun aliona jambo la ajabu: ukiwaua bakteria wote kwa joto, uvimbe unaendelea kukua. Maana yake kuna kitu bakteria ameacha ndani ya mmea, na kitu hicho kinaendelea kutoa amri baada ya mwenyewe kufa. Mwaka 1974 kikundi cha Jeff Schell na Marc Van Montagu huko Ghent, Ubelgiji, kiligundua kwamba bakteria wanaoleta uvimbe wana plasmidi kubwa mno, kiasi cha jozi 200,000, na wasioleta hawana. Wakaiita Ti. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake Seattle wakaitafuta Ti ndani ya seli za uvimbe, na walichokikuta ni kipande chake tu. Plasmidi nzima haikuwemo. Kipande hicho ndicho DNA-T.

Kipande hicho kina jeni za kutengeneza homoni mbili za mmea, oksini na sitokinini, ndiyo maana seli zinagawanyika bila breki. Kina pia jeni za kuufanya mmea utengeneze chakula cha ajabu kiitwacho opini, ambacho mmea wenyewe hauna kazi nacho, na bakteria yule anakila. Anaulimisha mmea shamba lake! Na tazama alivyoandika jeni hizo: zinaishi ndani ya bakteria, lakini promota zake na alama zake za kufungia ni za lugha ya mmea. Bakteria huyu alijua lugha mbili zamani, kabla sisi hatujajua kama kuna lugha. Promota na alama za jina la nos utakazoziona kwenye vekta nyingi, yaani plasmidi za kubebea jeni, zimetoka humo, kwenye jeni ya opini iitwayo nopalini.

DNA-T inaanza na kuishia kwa mipaka miwili ya jozi 25 kila mmoja, karibu sawa kwa mpangilio. Hiyo ndiyo alama pekee mtambo wa kuhamisha unaitazama. Kilichomo katikati hauna habari nacho. Ukitoa jeni za uvimbe na kuweka jeni yako, mtambo unabeba jeni yako. Mambo yote ya vekta za mimea yamejengwa juu ya ukweli huu mmoja.

Mtambo wenyewe ni kundi la jeni ziitwazo vir, nazo ziko nje ya DNA-T. Jani likikatwa, linatoa kemikali za jeraha kama asetosiringoni. Protini ya VirA inainusa kemikali hiyo, inamwamsha VirG, naye anaziwasha nyingine. VirD2 inakata uzi mmoja kwenye mpaka wa kulia na kujishikiza kwenye ncha yake. Uzi unavutwa kutoka kulia kwenda kushoto hadi mpaka wa pili, unapitishwa kwenye mfereji uliojengwa na protini za VirB, na ndani ya seli ya mmea unavikwa protini za VirE2 zisiachie vimeng'enya kuutafuna. VirD2 inauongoza hadi kwenye kiini, na huko unajiunga na kromosomu.

Ti yenye jozi 200,000 ni kubwa mno kukatwa na kupachikwa kwa mikono. Mwaka 1983 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba vir na DNA-T si lazima zikae kwenye plasmidi moja. Wewe unapanda treni Kigoma, unajua kinachofanyika stesheni ya Tabora: mabehewa yanakatwa na kuunganishwa, na kichwa cha treni hakiulizi behewa limeundwa wapi wala limebeba dagaa au mchele. Kinachotakiwa ni kiungio kioane. Vir ni kichwa, DNA-T ni behewa, mipaka ni viungio. Kwa hiyo leo ndani ya agrobakteria kuna plasmidi mbili. Moja ni Ti iliyonyang'anywa jeni za uvimbe, imebaki na vir zake, na haihami. Nyingine ni ndogo, kama 1301 yenu, yenye mipaka na mzigo. Bakteria wa maabara wenye majina kama LBA4404, EHA105 na GV3101 tayari wamebeba ile ya kwanza. Wewe unaleta behewa tu.

Kwa hiyo, kikanuni, kinachoingia kwenye mmea ni kilichomo kati ya mipaka. Vianzio vya kujinakili vinabaki. Kinga ya kanamaisini ya bakteria inabaki. Hata kama ingeingia, mmea usingeisoma, lakini haitakiwi kuingia. Nasema kikanuni kwa sababu mara nyingine mtambo unaupita mpaka wa kushoto bila kusimama na kubeba na sehemu ya mgongo wa plasmidi, yaani ile iliyo nje ya mipaka. Si jambo la nadra. Ndiyo maana mmea wowote unaotarajiwa kutoka maabara unapimwa pia kwa vipande vya nje ya mipaka, na ukikutwa navyo unaachwa.

Mwelekeo wa kulia kwenda kushoto una somo lililonigharimu. Nilipokuwa mwanafunzi nilitumia vekta ya zamani ya pBIN19, ambayo jeni yake ya kuchuja mmea iko karibu na mpaka wa kulia. Safari ikikatika njiani, kinga inakuwa imekwishafika na jeni yako imebaki nyuma. Nilipata mimea mizuri ya kijani, nikaihamishia kwenye udongo, nikaipalilia kwa miezi. Nilipoipima, baadhi haikuwa na jeni niliyoihangaikia. Vekta zilizofuata, pCAMBIA ikiwemo, zimeweka kinga karibu na mpaka wa kushoto, ifike mwisho. Mmea ukipona, ujue mzigo ulitangulia. Ukichagua vekta, hilo lione kabla ya bei.

Na DNA-T ikishafika, haiishi kama plasmidi. Haizunguki peke yake wala kujinakili peke yake. Imeshonwa kwenye kromosomu na inarithiwa kama jeni nyingine. Tumbaku inakupa ushahidi mzuri kwa sababu inajichavusha yenyewe, na mbegu zake ni vumbi: gramu moja ina zaidi ya 10,000. Chukua mbegu za mmea uliopokea DNA-T mahali pamoja, zimwage kwenye haigromaisini. Robo tatu zitaendelea kukua, robo itakufa. Ni hesabu ileile ya Mendel uliyoifanya kidato cha nne kwa njegere. Plasmidi inayoelea isingetoa hesabu hiyo.

Nasema tumbaku makusudi, na si kwa sababu nimekulia kwenye moshi wa mabani ya Urambo. Chakula cha maabara mnachokiita MS, Toshio Murashige na Folke Skoog walikitunga mwaka 1962 kwa ajili ya tishu za tumbaku. Seli za kwanza na mimea ya kwanza kupewa jeni kwa njia hii, mwaka 1983, ilikuwa ya tumbaku na ya jamaa zake. Mwaka 1985 Robert Horsch na wenzake wakachapisha njia ya vipande vya majani, ile mliyoifanya ninyi. Zao ambalo huku Tabora tunalijua kwa marobota na masoko, kwenye bayolojia limekuwa daftari la mazoezi la dunia nzima.

Sasa mama.

Mwambie hivi: bakteria anatumika kama mbebaji, na kazi yake ikiisha anauawa. Vipande vya majani vinakaa naye siku mbili au tatu, kisha vinaoshwa na kuwekwa kwenye dawa kama sefotaksimu inayoua bakteria na kuacha mmea. Kabla mmea haujatoka kwenye chupa, unapimwa kama kuna bakteria aliyesalia. Kinachobaki ni kipande cha DNA ndani ya kromosomu. Kipande hicho ndicho cha kuulizia maswali: kinafanya nini, kinatengeneza protini gani, nani atakula. Nadhani hayo ndiyo maswali ya haki, na kila mmea ujibiwe kwa hesabu yake. Atakayekuambia yote ni salama au yote ni sumu hajaiona ramani hata moja.

Mwambie pia habari ya viazi vitamu, maana huku kwetu michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa, ni chakula cha kiangazi. Mwaka 2015 watafiti wa Ghent na wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru, walichapisha kwamba ndani ya kromosomu za kiazi kitamu kuna DNA-T ya agrobakteria, iliyoingia bila mkono wa mtu. Walipima sampuli 291 za viazi vinavyolimwa, na kipande kimoja kilikutwa kwenye zote. Jeni zake zinasomwa na kiazi hadi leo. Babu zetu wamepanda na kula mmea uliopewa jeni na bakteria, na hawakuwa na njia ya kujua.

Kuhusu muhogo wake mwenyewe: aina zinazovumilia magonjwa ya batobato na michirizi kahawia zinazotolewa kwa wakulima wa Tanzania zimepatikana kwa kuchavusha na kuchagua. Kazi hiyo ina historia ndefu hapa nyumbani. Michirizi kahawia ilielezwa mara ya kwanza na mtafiti Storey mwaka 1936 akiwa Amani, Tanga, na hukohuko Amani muhogo ukachanganywa na mpira wa Ceara, ndugu yake wa msituni, ili upate kinga. Hata michikichi ya Tenera inayozalishwa Kihinga pale Kigoma ni mtoto wa aina mbili za mchikichi, Dura na Pisifera, hakuna plasmidi. Njia ya plasmidi imefika kwenye muhogo kwa majirani: Juni 2021 mamlaka ya usalama wa bayoteknolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo uliobebeshwa vipande vya jeni za ganda la virusi viwili vya michirizi kahawia, ili upelekwe kwenye majaribio ya wazi. Vipande vile havitengenezi protini ya virusi. Vinaufundisha mmea kuukatakata ujumbe wa virusi mara vinapoingia. Kwetu, kanuni za usalama zipo tangu 2009. Jaribio la mahindi yanayostahimili ukame lilianza 2016 ndani ya uzio, Makutupora, Dodoma, na Novemba 2018 Serikali iliagiza majaribio ya aina hiyo yasimamishwe. Kwa hiyo mama asihofu kwamba pingili alizopewa na jirani zimetoka kwenye sahani kama zenu.

Ngoja nimalizie na zoezi lako, maana nataka ulirudie.

Omba bakteria walewale, wana plasmidi sahihi. Dawa ya mmea iwe haigromaisini. Kwa tumbaku watu wengi hutumia miligramu 20 hadi 50 kwa lita, lakini usiamini namba ya mtu mwingine kabla ya kuijaribu kwenye majani yenu: weka vipande visivyopata bakteria kwenye viwango vitatu au vinne, uchague kile cha chini kinachoua vyote. Weka sahani moja ya vipande visivyopata bakteria bila dawa yoyote; hivyo lazima vichipue. Visipochipua, tatizo liko kwenye homoni au majani, na hapo usiisingizie plasmidi. Kitu hiki nakisisitiza kwa sababu katika maelezo yako sikuona sahani za kulinganishia, na bila hizo hata sahani nzuri haina la kusema.

Angalia joto. Mfereji wa VirB haujengeki vizuri joto likipita nyuzi 28 au 29. Bakteria anaota raha mustarehe kwenye 28, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, wakadhani anayeota vizuri anahamisha vizuri. Katika siku zile mbili tatu za kukaa na majani, sahani ziwe kwenye nyuzi 22 hadi 25. Kama maabara yenu ni kama chumba nilichofanyia kazi Tabora, Septemba na Oktoba chumba chenyewe kinapita 30 mchana, na umeme ukikatika kiyoyozi kinanyamaza. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kuziweka sahani kwenye boksi la kuhifadhia samaki, lenye chupa za maji baridi pembeni, na kipimajoto ndani. Lilifanya kazi. Ongeza asetosiringoni kwenye chakula cha sahani, mikromola 100 kwa lita, hata kama tumbaku inatoa ya kwake ikikatwa.

Na usisubiri wiki nne ndipo ujue. Siku ya tatu au ya nne toa vipande kumi, uvitie kwenye kimiminika cha X-gluc, ambacho GUS hukigeuza bluu, usiku kucha kwenye nyuzi 37, asubuhi uondoe kijani kwa pombe ya ethanoli. Sasa unajua introni ya mbarika inakuhakikishia nini: kila doa la bluu ni seli ya tumbaku iliyosoma jeni yako. Yakiwepo madoa na machipukizi yakafa, kosa liko kwenye dawa. Yasipokuwepo, kosa liko kabla ya dawa, nenda kakague joto, umri wa bakteria na majani. Chukua majani machanga ya mimea ya chupa, si yale ya chini yaliyokomaa.

Kabla ya yote hayo chapisha ramani ya 1301, tafuta kalamu mbili, uipake rangi. Nitumie picha yake, na mahali ulipokwama andika alama ya kuuliza.